Kunyakuliwa ili Kulaki: Historia ya Fasiri ya Aya Moja ya Nyakati za Mwisho katika Kiswahili



1. Utangulizi

Nawashukuru waandalizi kwa heshima waliyonipa ya kuzungumza mbele ya hadhara hii. Mada niliyoichagua yaweza kuonekana kuwa ni ya wanateolojia kuliko ya wanaisimu. Nimethubutu kuileta katika jukwaa la taaluma za Kiswahili kwa sababu kiini chake ni vitenzi viwili vya lugha yetu: kunyakua na kulaki. Vitenzi hivi vinakutana katika sentensi moja, nayo ni aya ya 17 ya sura ya 4 ya Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike, kama ilivyo katika Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952. Hapo waumini walio hai wanaambiwa kuwa watanyakuliwa pamoja na wafu waliofufuka, katika mawingu, wamlaki Bwana hewani.

Kutokana na kitenzi cha kwanza imezaliwa nomino, na kutokana na nomino limezaliwa fundisho zima liitwalo unyakuo. Kitenzi cha pili hakikuzaa kitu. Hoja yangu ni kwamba fasiri ya aya hii imepotoka mara nyingi mahali hapo hasa, yaani pale njia ya tendo ilipopewa jina na lengo la tendo likasahauliwa. Aidha, nitaonyesha kwamba Kiswahili cha wafasiri wa mwaka 1952 kilikwisha kuihifadhi maana ambayo wengi wetu tumeipita bila kuitazama.

Katika mhadhara huu nitatumia tafsiri kwa maana ya kuhamisha matini kutoka lugha moja hadi nyingine, na fasiri kwa maana ya kueleza matini hiyo inasema nini.

2. Swali la Wathesalonike

Paulo aliuandika waraka huu yapata mwaka 50 au 51 baada ya Kristo, akiwa Korintho. Wataalamu wengi wanauhesabu kuwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Agano Jipya, na wapo wengi wanaouweka wa kwanza. Thesalonike ulikuwa mji wa bandari katika Makedonia, na kanisa lake lilikuwa changa. Wakristo wake walitazamia kurudi kwa Yesu wakiwa bado hai, kisha baadhi yao wakafa. Wafiwa wakabaki na swali zito: je, waliokufa watakosa siku ile?

Ni muhimu swali hili likae mbele ya msomaji wakati wote. Paulo hakuulizwa ulimwengu utakwisha lini, wala waumini watakwepaje dhiki. Aliulizwa habari za marehemu. Jibu lake lina mpangilio ulio wazi: Bwana atashuka, waliokufa katika Kristo watafufuka kwanza, ndipo walio hai watakapounganishwa nao. Uzito wa jibu uko katika neno pamoja. Aya ya 13 inaanza na huzuni ya wafiwa, na aya ya 18 inamalizia kwa kuwaagiza wafarijiane. Matini hii, basi, kwa umbo lake na kwa kusudi lake, ni rambirambi.

Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, sura ya 2, unatuonyesha kwamba hata katika karne ile ya kwanza walikuwapo waliofadhaishwa na uvumi kuwa siku ya Bwana imekwisha kuwadia. Hofu ya nyakati za mwisho si jambo jipya, na jitihada za kuituliza ni za kale vilevile.

3. Msamiati uliokuwapo pwani

Wamisionari walipoanza kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili katika karne ya 19, hawakuikuta lugha isiyojua kusema habari za mwisho wa dunia. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere alifanya kazi Unguja mpaka alipofariki mwaka 1882. Wote wawili waliwakuta wenyeji wenye msamiati mpana wa mambo ya ahera, uliolelewa na karne nyingi za Uislamu na ushairi. Maneno kiyama, ahera, pepo, jehanamu na Dajali yalifahamika kwa mkubwa na mdogo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilikwisha kuyafanya magofu ya Pate kuwa somo la mauti na la hesabu inayomngoja mwanadamu.

Uwezo wa msamiati huo kuwagusa watu ulidhihirika mwaka 1908, ilipoenea katika pwani ya kusini ya Tanganyika, hasa upande wa Lindi, ile iliyokuja kuitwa Barua ya Makka. Barua hiyo ilionya kuwa mwisho umekaribia na ikawahimiza watu watubu. Serikali ya Wajerumani iliingiwa na hofu, kwani vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu nyuma.

Watafsiri wa Biblia walichota katika hazina hiyo, lakini kwa kuchagua. Katika Biblia ya Union, kiyama linatumika kwa maana ya kufufuka kwa wafu, hasa katika habari za Masadukayo, sambamba na ufufuo lenye mzizi wa Kibantu. Dajali halikuchukuliwa; mahali pake pakawekwa mpinga Kristo. Kwa tendo la 1 Wathesalonike 4:17, hata hivyo, hapakuwa na istilahi iliyo tayari. Ilibidi watafsiri watafute kitenzi katika maisha ya kila siku, nao wakakipata uwanjani kwa kuku.

4. Kunyakua

Kitenzi cha Kigiriki kilichotumiwa na Paulo ni harpazo, ambacho kilitafsiriwa kwa Kilatini kwa kitenzi rapio. Vyote viwili vina maana ya kutwaa kwa ghafla na kwa nguvu. Kunyakua ni tafsiri yake barabara. Mwewe hunyakua kifaranga. Mwizi hunyakua mkoba. Mtendaji ana nguvu kuliko mtendwa, tendo ni la mara moja, na mtendwa haulizwi.

Biblia ya Union inakitumia kitenzi hiki mahali kadhaa, na inafaa tuvitazame kwa pamoja. Katika Matendo 8:39 Roho anamnyakua Filipo baada ya ubatizo wa towashi, na Filipo anaonekana Azoto akiendelea kuhubiri. Katika 2 Wakorintho 12:2 mtu ananyakuliwa hata mbingu ya tatu, kisha anarudi kusimulia. Katika Ufunuo 12:5 mtoto ananyakuliwa hata kwa Mungu. Lakini katika Mathayo 13:19 anayenyakua ni yule mwovu, naye ananyakua neno lililopandwa moyoni mwa msikilizaji.

Tunajifunza nini hapa? Kwamba kitenzi chenyewe hakisemi unapelekwa wapi, hakisemi utakaa huko muda gani, wala hakisemi kama aliyekunyakua ni rafiki au adui. Kinaeleza namna ya kutwaliwa, basi. Filipo alinyakuliwa kutoka barabara moja ya dunia hii hadi mji mwingine wa dunia hiihii. Kwa hiyo anayetaka kujua watu wa 1 Wathesalonike 4:17 wananyakuliwa waende wapi na kwa nini, hana budi kusonga mbele katika sentensi mpaka kwenye kitenzi cha pili.

5. Kulaki

Kulaki ni neno la asili ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kukutana. Katika Kiswahili maana yake imebana zaidi. Kumlaki mtu ni kutoka ulipo, kumwendea mgeni angali njiani, kumpokea kwa heshima na kuingia naye. Mgeni hulakiwa bandarini, stesheni au njia panda. Anayelaki huupokea mzigo wa mgeni na kuongozana naye nyumbani. Kinyume chake ni kusindikiza: hapo mwenyeji hutoka na mgeni anayeondoka, kisha mgeni akaendelea na safari yake. Mzungumzaji wa Kiswahili hachanganyi matendo haya mawili. Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, inamhusu yule anayelakiwa.

Neno la Kigiriki lililo chini ya kulaki ni nomino apantesis. Nomino hiyo imo katika Agano Jipya mara tatu tu kwa hakika ya matini. Mara ya kwanza ni Mathayo 25:6, ambapo wanawali wanaamshwa usiku wa manane watoke wamwendee bwana arusi. Mara ya pili ni Matendo 28:15, ambapo ndugu wa Rumi wanasafiri hadi Soko la Apio kukutana na Paulo. Mara ya tatu ni aya yetu. Biblia ya Union inatumia kulaki mahali pote patatu. Uthabiti huo wa istilahi ni jambo la kusifiwa, kwa kuwa unamwezesha msomaji asiyejua Kigiriki kuuona uhusiano uliopo kati ya aya hizo.

Sasa tufuate nyayo za hao waliolaki. Wanawali wenye busara walipomlaki bwana arusi hawakuondoka naye kwenda mbali. Waliingia pamoja naye arusini. Ndugu wa Rumi walipomlaki Paulo hawakurudi naye alikotoka. Waliongozana naye kuingia Rumi. Mwelekeo wa safari unaamuliwa na anayekuja, na anayelaki ndiye anayegeuka.

Fasiri hii ina ukoo mrefu. Yohana Krisostomo, aliyefariki mwaka 407, aliieleza aya hii kwa mfano wa mfalme anayeingia mjini: wenye heshima hutoka nje kumpokea, na wahalifu hubaki ndani wakimngoja kama hakimu. Katika karne ya 20, karibu na mwaka 1930, Erik Peterson alidai kwamba apantesis ilikuwa istilahi rasmi ya mapokezi ya watawala katika miji ya Kiyunani. Wengine wamempinga baadaye, wakionyesha kwamba neno hilo lilitumika pia kwa makutano ya kawaida. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, neno lililotumika kwa kuja kwa Bwana katika aya ya 15, yaani parousia, nalo lilitumika kwa ziara za wafalme, na maneno mawili yanaposimama pamoja huelezana.

Kuna jambo la kuongeza kuhusu miji hiyo. Makaburi yake yalikuwa nje ya malango, kandokando ya barabara. Mfalme aliyekuja angepita kwanza kwa wafu kabla ya kufika kwa walio hai. Msikilizaji wa Thesalonike aliyesikia kwamba wafu watafufuka kwanza aliweza kuiona picha hiyo kila alipotoka langoni mwa mji wake.

Sarufi ya Kiswahili nayo inatusaidia. Kitenzi cha kwanza kiko katika kauli ya kutendwa na njeo ya wakati ujao. Cha pili kinafuata kiunganishi ili, nacho kiko katika dhamira tegemezi, ingawa kwa kuwa ni kitenzi cha mkopo kinachoishia na i, kiishio chake hakibadiliki kuwa e. Kwa lugha ya darasani, kunyakuliwa ni njia na kulaki ni kusudi. Katika kunyakuliwa sisi ni watendwa. Katika kulaki sisi ni watenda, na yule tunayemtenda ndiye anayekuja.

6. Kutoka kitenzi hadi nomino

Kwa karne nyingi wafasiri wa Kikristo waliisoma aya hii kama sehemu ya tukio moja: kurudi kwa Kristo, ufufuo na hukumu. Augustino, katika kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu, aliichukua miaka elfu ya Ufunuo 20 kuwa ni zama za kanisa lililopo. Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1830, pale John Nelson Darby, mmoja wa viongozi wa kundi la Ndugu katika Ireland na Uingereza, alipofundisha kwamba kuja kwa Kristo kuna hatua mbili. Katika hatua ya kwanza kanisa litaondolewa duniani; dhiki kuu itafuata; kisha Kristo atarudi na watu wake. Fundisho hili lilisambaa Marekani, na mwaka 1909 likapata chombo chenye nguvu mno: Biblia yenye maelezo ya Cyrus Scofield, ambamo fasiri ilichapwa katika ukurasa mmoja na matini.

Darby alifariki mwaka 1882, mwaka uleule aliofariki Steere. Yeye alituachia mpangilio wa nyakati. Steere alituachia sehemu kubwa ya msingi wa Biblia ya Kiunguja iliyochapwa kamili mwaka 1891. Kazi hizi mbili zilikuja kukutana Afrika Mashariki. Makanisa ya awali ya Kianglikana, Kilutheri na Kikatoliki yalifundisha kurudi kwa Kristo kama tukio moja. Wasabato, waliofika milima ya Upare mwaka 1903, walitia mkazo mkubwa katika marejeo, lakini nao hawakukubali kuondolewa kwa siri; historia yao inaanzia kwa wafuasi wa William Miller waliomngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, wakakata tamaa. Mpangilio wa Darby uliingia zaidi kwa misheni za kiinjili zilizotoka katika mazingira ya vyuo vya Biblia vya Marekani, na baadaye kwa makanisa ya Kipentekoste. Mahubiri ya viwanjani, kanda, nyimbo za kwaya na redio vikaifanya nomino unyakuo kuwa neno la kila siku.

Nomino hii haimo katika matini ya Biblia ya Union. Imeundwa na wazungumzaji, na imeundwa kwa ustadi. Kutokana na funua tuna ufunuo. Kutokana na fufua tuna ufufuo. Kutokana na nyakua tukapata unyakuo. Ufanani huo wa umbo uliipa nomino mpya hadhi ya ndugu zake wakubwa wawili waliokwisha kuwamo katika Maandiko. Lugha iliweza kufanya vingine. Mzizi wenye l iliyofichika, ambayo tunaiona katika nyakuliwa, ukiongezewa kiishio i hutoa z, kama komboa inavyotoa ukombozi. Kwa njia hiyo tunapata unyakuzi, neno ambalo wananchi wa Kenya walilizoea sana katika habari za ardhi ya umma, na ambalo lilikuwa midomoni mwa watu wakati Tume ya Ndung'u ilipofanya kazi yake mwaka 2003 na 2004. Jamii ya wazungumzaji imegawa kazi: unyakuzi wa viwanja, unyakuo wa watakatifu. Mzizi ni uleule.

Kitenzi kikigeuzwa nomino hupoteza vitu vingi. Hupoteza njeo, hupoteza mtenda na mtendwa, na hupoteza kishazi kinachokitegemea. Unyakuo ni neno kamili. Halidai kufuatwa na ili. Mhubiri anaweza kulitamka mara mia bila msikilizaji kuuliza: tunanyakuliwa ili tufanye nini? Mahali pa kusudi lililoachwa wazi pamejazwa na kusudi jingine, nalo ni kukimbia. Mgeni aliyekuwa anakuja akageuka kuwa chombo cha kuondokea.

Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990, ilichagua kusema kwamba walio hai watakusanywa. Uchaguzi huo umepunguza ukali wa kitenzi cha Kigiriki, lakini umelirudisha neno pamoja mahali pake. Kulaki wakakiacha kama kilivyokuwa.

7. Hoja za upande wa pili

Haki inatudai tusikilize hoja za wanaofundisha unyakuo kama tukio la pekee. Hoja yao yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni Yohana 14:3, ambapo Yesu anaahidi kuja na kuwakaribisha wanafunzi kwake. Kukaribisha ni tendo la mwenyeji. Katika Wathesalonike Bwana ni mgeni anayelakiwa. Katika Yohana ni mwenyeji anayekaribisha. Matini hizi mbili hazielekei upande mmoja, na mfasiri mwaminifu hatazilazimisha. Kwa kweli Paulo mwenyewe anaiacha sentensi yake hewani: hasemi kwa maneno kwamba msafara utashuka. Anasema tu kwamba watakuwa pamoja na Bwana milele.

Hoja ya Mathayo 24:40–41 ni dhaifu zaidi. Watu wawili wako shambani. Mmoja anatwaliwa, mwingine anaachwa. Wengi humhesabu aliyetwaliwa kuwa ndiye mwenye heri. Lakini mfano uliotangulia katika sura hiyohiyo ni wa siku za Nuhu, na waliochukuliwa katika siku hizo walichukuliwa na gharika. Aidha, kitenzi cha Kigiriki hapo si harpazo, na watafsiri wa Union hawakutumia kunyakua. Mwenye kuziunganisha aya hizi mbili anaziunganisha kwa mamlaka yake mwenyewe.

8. Hitimisho

Huenda mtu akauliza kama tofauti hii ya vitenzi ina uzito wowote nje ya darasa. Afrika Mashariki imejibu swali hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliofundishwa kwamba mwisho umefika waliteketea ndani ya jengo la ibada. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwamo ya watoto. Kwa mujibu wa mashtaka, watu walihimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Si haki kuyatwisha makanisa yanayohubiri unyakuo maafa hayo. Mengi yaliyalaani waziwazi. Lakini ni halali kuuliza ni fasiri gani inayomfanya mtu aamini kwamba safari ya kumfikia Bwana ni yake kuianza, na kwamba mlango wa safari hiyo ni kuuacha mwili, watoto na shamba.

Aya yenyewe haina nafasi kwa safari ya namna hiyo. Anayesafiri ndani yake ni Bwana. Walio hai hawafanyi lolote kuiharakisha siku; wanatwaliwa wakati mgeni amekwisha kufika. Na walioandikiwa maneno haya walikuwa watu waliofiwa, wakiambiwa kwamba wapendwa wao hawatakosa kuwamo katika mapokezi.

Kwa wanafunzi mlioko hapa, natoa pendekezo moja la kitaaluma. Historia ya nomino za imani katika Kiswahili bado ni uwanja mpana. Wokovu, uamsho, upako na unyakuo kila moja ilikuwa kitenzi kabla ya kuwa fundisho, na kila kitenzi kilikuwa na mtenda, mtendwa na kusudi. Chukueni kila nomino muirudishe katika sentensi iliyotoka, muulize imeacha nini njiani. Katika nomino tuliyoichunguza leo, kilichoachwa njiani ni mgeni mwenyewe, na wajibu wetu wa kutoka kwenda kumlaki.